Mpimaji wa Programu: Kazi Yake, Zana Zake na Njia ya Kuifikia



Ndugu wanafunzi, katika zama zetu hizi karibu kila jambo linapita kwenye kompyuta au simu: umeme, mbolea, ada, mshahara, matokeo ya mtihani. Vijana wengi wa Igwachanya wakisikia neno "kazi ya kompyuta" hufikiria mambo mawili tu, ama kuandika programu ama kufungua duka la kuchapisha na kutoa kopi. Ipo kazi ya tatu ambayo haitajwi sana, nayo ni kupima programu kabla haijafika mikononi mwa watu. Makala hii inakusudia kuieleza kazi hiyo: maana yake, namna inavyofanywa, zana zake, na njia ya mwanafunzi wa huku kwetu kuifikia.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: mpimaji mzuri hutangulia kulijua jambo lenyewe, kisha ndipo anajua kompyuta. Ukilishika hilo utaona kwamba hujachelewa, na kwamba una mtaji tayari.

1. Maana ya kupima programu

Programu ni maagizo ambayo mtu ameyaandika ili kompyuta iyafuate. Kompyuta haina akili ya kusema "hapa umekosea". Ukiiagiza vibaya, itafanya vibaya kwa kasi na bila kuchoka. Kupima ni kuiendesha programu hiyo kwa makusudi ya kutafuta mahali inapokosea, kabla ya mtumiaji kulikuta kosa hilo.

Kwa nini mwandishi wa programu asijipime mwenyewe? Kila aliyehifadhi juzuu analijua jibu. Anayesoma kwa kichwa anaweza kuruka neno na asisikie, kwa sababu ulimi wake umeshalizoea kosa. Ndiyo maana hifdhi husikilizwa na mwingine. Mwandishi wa programu naye huona kile alichokusudia kuandika, wala haoni alichokiandika. Mmarekani Glenford Myers alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1979, The Art of Software Testing, na mpaka leo wapimaji hulifuata: programu ipate jicho la pili.

Kupima si kuthibitisha kwamba programu haina kosa. Hilo haliwezekani, kwani njia za kuitumia programu ni nyingi mno. Kupima ni kupunguza hatari, na kusema kwa ukweli: hapa tumepita, hapa hatujapita.

2. Kosa la mara nane

Tarehe 4 Machi 2013 jirani zetu wa Kenya walipiga kura. Matokeo ya awali yaliyokuwa yakitangazwa kwa njia ya kompyuta yalionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Watu wakashangaa na minong'ono ikaanza. Baadaye Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya nchi hiyo ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura zilizokataliwa kwa nane. Matokeo ya mwisho yalipojumlishwa kutoka kwenye fomu za karatasi, kura zilizokataliwa zilikuwa 108,975.

Tafakari hapo. Kosa lenyewe ni la hesabu ya darasa la tatu, lakini lilitokea mbele ya taifa zima, miaka michache baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007. Jaribio la kulifichua kosa la namna hii ni dogo sana. Chukua kituo cha mfano, ingiza kura 3 zilizokataliwa, tazama skrini. Ikionyesha 3, endelea. Ikionyesha 24, simamisha kazi.

Funzo ni kwamba mpimaji hatosheki kuona skrini imejaa tarakimu. Hulinganisha kilichoingia na kilichotoka, tena kwa hesabu aliyoifanya mwenyewe pembeni.

3. Pima mipakani: mfano wa mita ya LUKU

Makosa mengi hujificha mipakani: mahali namba inapokuwa sifuri, inapofikia kikomo, siku ya mwisho ya mwezi, mwaka mrefu wenye Februari ya siku 29. Mfano mzuri umo majumbani mwetu.

Bila shaka mnakumbuka mwaka 2024, TANESCO ilipotangaza maboresho ya mita za LUKU. Mteja aliponunua umeme alipata mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya fungu moja, akatakiwa kuyaingiza kwa mpangilio. Wapo waliodhani ni usumbufu tu. Sababu yake ni hii.

Kila tokeni ya umeme hubeba ndani yake muda iliotolewa. Muda huo huhesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita huutumia muda huo kutambua tokeni mpya na kuikataa iliyokwisha kutumika, ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili. Lakini nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni tarakimu 24 za kompyuta, na kila moja hubeba 0 au 1 tu. Mbili ukizizidisha hivyo mara 24 unapata 16,777,216. Basi dakika zikifika idadi hiyo nafasi imejaa, na hesabu inarudi sifuri.

Chukua daftari ufanye hesabu. Siku moja ina dakika 1,440. Gawanya 16,777,216 kwa 1,440, utapata siku 11,650 na sehemu ya siku. Zihesabu kuanzia 1 Januari 1993, utafika tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita ambayo haijaboreshwa ingeiona tokeni mpya kama ya zamani na kuikataa. Familia ingekuwa imelipa pesa yake na bado inakaa gizani.

Yale mafungu mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiandaa mita ianze hesabu mpya, inayoanzia mwaka 2014, na fungu la tatu ndilo lililokuwa umeme wenyewe. Hesabu hiyo mpya itafika kikomo mwaka 2045, na baadhi yenu mtakuwa ndio wataalamu wa kuishughulikia.

Hapa hatuzungumzii uzembe. Kikomo kilijulikana, tarehe ilikokotolewa miaka mingi kabla, na nchi zinazotumia mita za aina hii zikapata muda wa kujiandaa. Hivyo ndivyo mpimaji anavyofikiri. Huuliza mapema: je, hiki chombo kinajaa lini, na kikijaa itakuwaje?

4. Zoezi: tuipime programu ya mirathi

Tuchukue somo ambalo wengi wenu mnalisoma. Tuseme kijana ameandika programu ya simu ya kugawa mirathi, anataka tuipime. Mtu aliyesoma kompyuta tu, bila kuijua faraidhi, atabofya vitufe, ataona namba, atasema programu inafanya kazi. Ninyi mtaipima hivi:

(a) *Hali ya kawaida.* Marehemu ni mwanamke, ameacha mume na mtoto mmoja wa kiume, mali ni shilingi 4,200,000. Mume apate robo, yaani 1,050,000, na mtoto apate 3,150,000. Programu nyingi zitafaulu hapa.

(b) *Mafungu yanayozidi mali.* Marehemu ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, mali ni ile ile. Mume ana nusu, 2,100,000. Dada wana theluthi mbili, 2,800,000. Jumla ni 4,900,000, imezidi mali kwa 700,000! Mwanafunzi wa faraidhi analijua hili kuwa ni 'awl: mafungu huhesabiwa kwa saba badala ya sita. Mume apate 1,800,000, na dada wapate 2,400,000, kila mmoja 1,200,000. Ikiwa mwandishi hakulijua somo hili, programu yake itagawa pesa ambazo hazipo.

(c) *Kinachobaki baada ya kugawa.* Watoto watatu wa kiume, mali 1,000,000. Kila mmoja 333,333, inabaki shilingi moja. Programu inaipeleka wapi? Shilingi moja ni ndogo, lakini kwenye mfumo wenye hesabu milioni moja kwa siku hizo ni shilingi milioni moja zisizo na mwenyewe.

(d) *Deni na wasia.* Mali 500,000, deni 800,000. Programu iseme hakuna cha kugawa, isimpe mrithi fungu la namba hasi. Tena, mali iliyobaki baada ya deni ni 900,000 na wasia ni 400,000: programu itambue kuwa wasia usizidi theluthi, 300,000, ila kwa ridhaa ya warithi.

(e) *Maingizo yasiyowezekana.* Ingiza wake watano. Ingiza marehemu mwenye mume na mke kwa pamoja. Andika "laki tano" kwa herufi mahali pa namba. Acha nafasi wazi. Programu nzuri itakataa kwa lugha ya upole na kueleza kosa. Programu mbaya itazimika, au itatoa jibu kana kwamba mambo ni sawa, na hili la pili ndilo la hatari zaidi.

Umeona basi? Katika majaribio hayo hakuna lililohitaji kompyuta wakati wa kuyatunga, yote yametungwa kwa daftari na elimu. Mpimaji lazima alijue jibu sahihi kabla ya kubofya. Na hapa kosa likipita, anayeumia ni yatima au mjane asiyejua kuhesabu mafungu, ambaye ataambiwa "simu imesema hivi".

Si ajabu kwamba hesabu na mirathi vimeambatana tangu zamani. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina la kitabu chake cha karne ya tisa ndilo lililotupa neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi.

5. Mpime na mtumiaji mwenyewe

Programu inaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado isimfae mtu. Mwezi Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza jaribio la kutuma pesa kwa simu nchini Kenya, wakiwa na wateja wachache wa taasisi ya mikopo ya Faulu. Kusudio la kwanza lilikuwa mkopaji arudishe mkopo wake kwa simu. Katika jaribio ikaonekana kwamba watu wanaitumia kwa mambo yao mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangulizwa. Mwaka 2008 Vodacom wakaileta Tanzania, na leo hakuna stendi ya Makambako au Njombe isiyo na wakala.

Kwa hiyo jaribio halikufichua makosa tu, bali lilifichua haja ya watu. Na hapa ndipo kijana wa kijijini anapomzidi wa mjini. Fikiria mfumo wa ruzuku ya mbolea uliozinduliwa Agosti 2022, ambapo mkulima huandikishwa na kupewa namba yake. Mtoto wa mkulima wa viazi atauliza: je, mkulima asiye na simu yake mwenyewe? Je, mtandao ukikatika bondeni katikati ya kazi, muamala utahesabiwa mara moja, mara mbili, au utapotea? Je, jina la kwenye kitambulisho likitofautiana herufi moja na la kwenye daftari la kijiji? Maswali haya hayamjii kirahisi mtu aliyekaa kwenye ofisi yenye intaneti ya kasi.

6. Pima tena kila inapobadilishwa

Kurekebisha kosa moja kunaweza kuzaa jingine. Kwa hiyo baada ya kila badiliko, majaribio ya zamani hurudiwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ililipuka sekunde zipatazo 40 tu baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri, lakini katika roketi mpya namba moja ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Nguo iliyomkaa kaka si lazima imkae mdogo wake.

7. Zana za mpimaji

Zana ni nyingi, ila anza na hizi kwa mpangilio:

1. *Daftari au jedwali la kompyuta.* Andika safu nne: ninachoingiza, ninachotarajia, kilichotokea, nimefaulu au la.
2. *Simu ya bei nafuu.* Watumiaji wengi hawana simu za gharama. Pima kwenye simu yenye kioo kidogo, nafasi finyu na betri iliyochoka.
3. *Kivinjari cha Chrome.* Ukibonyeza kitufe cha F12 unaona makosa yaliyofichika, na unaweza kuupunguza mwendo wa mtandao kwa makusudi ili uone tovuti itakavyosuasua.
4. *Bugzilla au Jira.* Humo makosa huandikwa na kufuatiliwa mpaka yafungwe.
5. *Postman.* Hukuwezesha kuzungumza na seva moja kwa moja bila kupitia skrini ya programu.
6. *Selenium.* Ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins huko Chicago. Hukiendesha kivinjari chenyewe, ili majaribio mia moja yarudiwe bila kuchosha mkono. Kwa programu za simu ipo Appium.
7. *JMeter.* Huiga watumiaji wengi kwa wakati mmoja, ili ijulikane seva itahimili msongamano wa kiasi gani.

Selenium, Appium, JMeter na Bugzilla hupatikana bure. Lakini zana hazifikiri. Mashine itarudia swali ulilolitunga wewe, haitatunga swali ulilolisahau.

8. Namna ya kuandika taarifa ya kosa

Mpimaji hulipwa kwa maandishi yake. Taarifa ya "programu haifanyi kazi" haina faida. Andika hivi:

*Kichwa:* Mafungu yanazidi mali ikiwa warithi ni mume na dada wawili.
*Kifaa:* Aina ya simu, toleo la Android, toleo la programu.
*Hatua:* (1) Ingiza mali 4,200,000. (2) Chagua mume. (3) Chagua dada wawili wa baba na mama mmoja. (4) Bofya "Gawa".
*Nilichotarajia:* Mume 1,800,000, dada 1,200,000 kila mmoja.
*Kilichotokea:* Mume 2,100,000, dada 1,400,000 kila mmoja. Jumla 4,900,000.
*Uzito:* Mkubwa, haki za watu zinapotea.
*Ushahidi:* Picha ya skrini.

Zingatia kwamba hakuna neno la kumlaumu mtu. Unalieleza kosa, humshambulii aliyelifanya. Mpimaji mwenye kejeli hufichwa mambo, na akifichwa mambo kazi yake imekwisha.

9. Adabu na sheria

Usipime mfumo wa mtu bila ruhusa yake. Kuingia kwenye mfumo usioruhusiwa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia yako ilikuwa kusaidia. Ukikutana na tundu kwa bahati, mjulishe mwenye mfumo kwa faragha, usilitangaze mitaani. Vilevile usitumie majina, namba za simu na taarifa za watu halisi kufanyia majaribio. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunga majina ya mfano.

10. Njia ya kuifikia kazi hii

*Kwanza,* shika hisabati na Kiingereza shuleni. Nyaraka nyingi za kazi hii ni za Kiingereza.

*Pili,* anza leo na simu iliyopo nyumbani. Chagua programu moja unayoitumia kihalali, andika majaribio kumi kwenye daftari, na uandike taarifa za makosa utakayoyaona. Daftari hilo ndilo litakuwa ushahidi wako mbele ya mwajiri.

*Tatu,* ukipata nafasi ya kompyuta, jifunze misingi ya lugha moja ya programu, Python au Java, na lugha ya kuuliza hifadhidata iitwayo SQL.

*Nne,* vyuo vipo. Kwetu Nyanda za Juu kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Vipo pia Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukisomea kompyuta, uchague kupima kwa kupenda, usiingie kwa kuwa umeshindwa kuandika programu.

*Tano,* upo mtihani wa kimataifa wa wapimaji unaosimamiwa na ISTQB, baraza lililoanzishwa mwaka 2002. Ngazi ya msingi ina maswali 40 kwa dakika 60, na kufaulu ni kupata 26. Ambaye Kiingereza si lugha yake huongezewa dakika 15. Mtihani hulipiwa, lakini muhtasari wa masomo yake hupatikana bure kwenye intaneti, na unaweza kuusoma hata kabla hujawa na ada.

*Sita,* waajiri ni mabenki, kampuni za simu, taasisi za serikali zenye mifumo, na kampuni ndogo za vijana wanaotengeneza programu. Jihadhari na anayekutaka utoe pesa kwanza ili akupe kazi ya mtandaoni.

Hitimisho

Ndugu wanafunzi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpimaji ndiye anayeutafuta ufa ungali mdogo. Kazi yake ikifanyika vizuri hakuna anayeiona: umeme unaingia, pesa inafika, fungu la yatima linatoka sawasawa, na watu wanaendelea na shughuli zao. Anayetaka kusifiwa kila siku asiifanye. Anayeweza kukaa na jambo moja kwa subira, akauliza "na ikiwa sivyo?" mpaka aridhike, huyo anafaa, awe wa Dar es Salaam au wa Igwachanya.

Kwa mazoezi ya likizo: chukueni lile zoezi la mirathi, mtunge majaribio matano mengine ambayo sikuyataja, kila moja na jibu lake sahihi, myalete darasani. Aliyeshika somo la radd ana la kuanzia.

Wabillahi tawfiiq.